Mwosha Sahani Aliyekuja Kuwa Mchezaji Mkuu wa Sinema

Mwaka 1945 kijana mmoja mweusi, mrefu na mwembamba, aliingia katika chumba cha mazoezi cha chama cha wachezaji kilichoitwa American Negro Theatre, huko Harlem katika mji wa New York. Kazi yake ilikuwa kuosha sahani katika mikahawa. Siku ile alikuwa akitafuta kazi hiyohiyo katika matangazo ya gazeti, na mara akaona katika ukurasa wa pili tangazo jingine, lisemalo kwamba wachezaji wa michezo ya kuigiza wanatakiwa. Akajiambia kwamba ikiwa waosha sahani wanatakiwa, na wachezaji nao wanatakiwa, basi hapana dhara kujaribu.

Mkubwa aliyemkuta pale, Bwana Frederick O'Neal, alimpa kitabu cha mchezo akamwamuru apande jukwaani asome. Kijana alikuwa amehudhuria shule kwa muda mfupi tu. Alisoma neno moja moja, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe, na matamshi yake yalikuwa ya kisiwani, mazito, hata watu wa mjini hawakuyafahamu vema. Bwana O'Neal hakungoja amalize. Alimnyang'anya kitabu, akamshika, akamtoa nje, akamwambia asiwapotezee watu wakati wao, bali aende akatafute kazi anayoiweza, kama vile kuosha sahani.

Kijana alikwenda zake huku akijiuliza: amejuaje? Hakuwa amemwambia mtu ye yote pale kwamba yeye ni mwosha sahani. Basi hiyo ndiyo kazi ambayo mtu akimtazama mara moja tu huona kwamba amezaliwa kuifanya? Akatambua kwamba, kama angekubali neno lile, lingekuwa hukumu ya maisha yake yote. Papo hapo aliazimu kuwa mchezaji. Hakufanya hivyo kwa kuupenda mchezo, maana hakuujua. Alifanya hivyo ili kumwonyesha Bwana O'Neal kwamba amekosea.

Kijana huyo alikuwa Sidney Poitier. Miaka 19 baadaye, tarehe 13 Aprili 1964, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa zawadi ya Oscar ya mchezaji bora wa kiume katika sinema. Lakini anayeihesabu safari yake kwa zawadi peke yake hataielewa. Habari yake ni ya mtu aliyekuwa na vitu vichache vya kuuza, na kimoja katika hivyo alikataa kukiuza hata alipokuwa na njaa.

MTOTO WA MKULIMA WA NYANYA

Wazazi wake, Reginald na Evelyn Poitier, walikuwa wakulima wa nyanya katika Cat Island, kimoja cha visiwa vya Bahamas, ambavyo wakati huo vilikuwa koloni la Waingereza. Mwezi Februari 1927 walivuka bahari kupeleka nyanya zao katika soko la Miami, Marekani, na huko, tarehe 20, mtoto akazaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Uzito wake ulikuwa ratili 3 tu. Baba alikwisha kuwazika watoto wengine, akaenda kutafuta kisanduku kidogo cha kumzikia na huyu. Mama alikataa. Alikwenda kwa mwaguzi mmoja, naye akamwambia kwamba mtoto ataishi na atatembea pamoja na wafalme. Mtoto akaishi, akawa kitindamimba katika watoto saba.

Cat Island hapakuwa na umeme, wala maji ya mfereji, wala motokaa. Karibu wakazi wote walikuwa watu weusi. Mtoto Sidney alikua bila kujua kwamba rangi yake ni jambo la kumfanya ajione chini ya mtu mwingine. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu wote waliomfahamu baadaye walisema kwamba hapo ndipo ulipokuwa msingi wake. Alipokuja kukutana na dharau, alikuwa mtu mzima wa kutosha kuiona kuwa ni kosa la mwenye kudharau.

Mwaka 1936 serikali ya jimbo la Florida ilizuia nyanya za Bahamas zisiingie, na kilimo cha Bwana Reginald kikaanguka. Jamaa wakahamia Nassau, mji mkuu. Huko Sidney, mwenye umri wa miaka 10 hivi, aliona motokaa kwa mara ya kwanza, na sinema pia. Picha ya kwanza aliyoiona ilikuwa ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Ilipokwisha alikimbia akazunguka nyuma ya jumba, akangoja kuwaona ng'ombe na farasi wakitoka.

Umaskini wa Nassau ulikuwa mkali kuliko wa kisiwani, kwa kuwa mjini hata kitunguu hununuliwa. Sidney aliacha shule akiwa bado mtoto, akafanya kazi za mikono. Baba yake, akiogopa kwamba vijana wa mji watamharibu, alimpeleka kwa kaka yake huko Miami alipokuwa na miaka 15. Pale bandarini alimtia mkononi dola 3, akamwambia ajitunze. Bwana Reginald hakuwa na kitu kingine cha kumrithisha isipokuwa mwenendo wake mwenyewe: mtu maskini asiyemwinamia mtu.

MLANGO WA NYUMA

Miami ilikuwa katika nchi ya ubaguzi wa rangi. Sidney aliajiriwa na duka la madawa kupeleka vifurushi kwa wanunuzi. Siku moja alipiga hodi katika mlango wa mbele wa nyumba ya bibi mmoja wa Kizungu. Bibi akamwamuru azunguke mlango wa nyuma. Kijana hakuelewa, kwa sababu mwenye kifurushi alikuwa amesimama mbele yake. Akakiweka chini pale mlangoni, akaenda zake. Baada ya siku chache watu wa Ku Klux Klan walifika nyumbani kwa kaka yake kumtafuta. Wenyeji wake waliogopa sana. Yeye aliona kwamba mji huo haumfai.

Alifika New York akiwa na miaka 16 na dola chache mfukoni. Alilala katika kituo cha mabasi na juu ya paa la jumba, akaosha sahani mchana na usiku. Baridi ilipomshinda alidanganya umri wake akaingia jeshini, akawekwa kufanya kazi katika hospitali ya askari wenye ugonjwa wa akili. Alitoka mwishoni mwa mwaka 1944, akarudia sahani zake. Ndipo alipoliona lile tangazo la gazeti.

REDIO YA DOLA 14

Baada ya kufukuzwa na Bwana O'Neal, Sidney alinunua redio kwa dola 14. Kila alipopata nafasi aliisikiliza, na kila alilosema mtangazaji alilirudia kwa sauti, neno kwa neno, mpaka matamshi ya kisiwani yakaanza kulegea.

Kusoma kulikuwa kugumu zaidi. Katika mkahawa alimokuwa akifanya kazi palikuwa na mtumishi wa mezani, Myahudi mzee. Usiku mmoja, kazi ilipokwisha, mzee alimwuliza gazeti lina habari gani. Kijana akajibu kwa ukweli kwamba hawezi kumwambia, kwa sababu hajui kusoma vema. Mzee akamtaka wasome pamoja. Tangu siku hiyo, kila usiku watumishi wengine walipokuwa wakila na kupumzika, wawili hao walikaa meza moja na gazeti mbele yao. Mzee alimweleza maana ya maneno, jinsi neno refu linavyokatwa katika silabi, na kazi ya kituo kidogo kilichopo katikati ya sentensi. Waliendelea hivyo kwa majuma mengi.

Baada ya miezi sita hivi Sidney alirudi katika chama kile cha Harlem. Hata sasa hakuwapendeza sana. Akawaomba wamfundishe, naye kwa malipo atafagia na kusafisha jumba lao bila mshahara. Wakakubali. Kwa hiyo mchezaji mkuu wa baadaye aliingia kwa ufagio mahali alipokuwa ametolewa kwa mkono.

Katika chama hicho alikutana na kijana mwingine, Harry Belafonte, aliyezaliwa mwaka uleule na mwezi unaofuata, na ambaye alikuwa rafiki na mshindani wake maisha yote. Belafonte alipewa sehemu katika mchezo mmoja, na Sidney akawekwa kuwa mchezaji wa akiba. Usiku mmoja Belafonte hakuweza kuja, na usiku huo mgeni kutoka Broadway alikuwa ameketi akitazama. Mwaka 1946 Sidney akapewa sehemu ndogo katika mchezo wa Kiyunani uitwao Lysistrata. Alipoona umati wa watu alishikwa na hofu, akachanganya maneno yake yote, na watu wakacheka wakidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa. Mchezo wenyewe ulifungwa baada ya siku chache, lakini magazeti yalimsifu.

DAKTARI, SI MTUMISHI

Wakati ule mtu mweusi katika picha za Hollywood alikuwa mpishi, mpagazi, yaya au mchekeshaji wa kukodoa macho. Bibi Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, aliipata mwaka 1940 kwa sehemu ya mtumishi wa nyumbani, na katika karamu ya kutoa zawadi aliketishwa katika meza ya peke yake, mbali na wenzake wa Kizungu.

Mwaka 1949 Joseph L. Mankiewicz alimchagua Sidney kwa picha iitwayo No Way Out, iliyotolewa mwaka 1950. Alicheza daktari kijana anayemtibu Mzungu mwenye kumchukia. Huyo alikuwa mtu mweusi wa namna nyingine katika sinema: mwenye elimu, mwenye kazi ya heshima, na mwenye shida ya kweli. Watawala wa Bahamas waliikataza picha hiyo isionyeshwe visiwani. Watu walilalamika kwa nguvu mpaka ikaruhusiwa, na malalamiko hayo yakawa mojawapo ya mambo yaliyowaamsha watu wa Bahamas katika siasa.

Mwaka 1950 Sidney alikwenda Afrika ya Kusini, pamoja na mchezaji mwenzake Canada Lee, kupigwa picha ya Cry, the Beloved Country, ambamo alicheza kasisi Msimangu. Kwa sababu ya sheria za ubaguzi, wachezaji hao wawili waliandikwa kuwa watumishi wa mkataba wa mwongozi wa picha, Zoltan Korda. Hivyo mtu aliyekuja kuonyesha uovu wa ubaguzi aliingia nchini kwa jina la mtumwa wa mkataba.

DOLA 750 ZAKATALIWA

Picha mbili hizo hazikumtajirisha. Kazi zilikuwa chache, na kwa muda alijaribu kuuza nyama ya mbavu katika mkahawa mdogo huko Harlem. Siku hizo, mkewe Juanita akikaribia kujifungua binti yao wa pili, wakala mmoja aitwaye Martin Baum alimwita akampa sehemu katika picha mpya. Mshahara ulikuwa dola 750 kwa juma.

Sidney aliyasoma maneno ya picha. Alitakiwa kucheza mtunza jumba aliyeona uhalifu. Wahalifu, ili wamfunge kinywa, wanamwua binti yake mdogo na kuutupa mwili wake mbele ya nyumba. Baba huyo anaogopa, ananyamaza, wala hafanyi lo lote mpaka mwisho. Hapakuwa na tusi la rangi katika maneno hayo. Palikuwa na baba asiyemtetea mtoto wake. Sidney alimfikiria Bwana Reginald Poitier wa Cat Island, akajua kwamba baba yake asingenyamaza. Akamrudishia wakala maneno yake na kukataa.

Kutoka hapo alikwenda katika ofisi ya wakopeshaji, akaweka rehani vyombo vya nyumba yake apate dola 75 za kulipa gharama za uzazi. Yaani aliacha dola 750 za kila juma, akakopa dola 75 kwa viti na meza. Baada ya miezi kadhaa Bwana Baum alimwita tena, akataka kujua sababu. Alipoisikia, alisema kwamba haielewi, lakini mtu mwenye wazimu wa namna hiyo yeye anataka kuwa wakala wake. Kazi yao ya pamoja ilidumu miaka mingi.

Jaribu la pili lilifuata upesi. Ilikuwa zamani za kuwasaka wakomunisti nchini Marekani. Sidney alipoitwa na kampuni ya MGM kwa picha ya Blackboard Jungle, iliyotolewa mwaka 1955, alitakiwa kutia sahihi karatasi ya kuwakana Paul Robeson na Canada Lee, wachezaji weusi wawili aliowaheshimu kama walimu. Alikataa. Mwongozi wa picha, Richard Brooks, aliendelea kumtumia vivyo hivyo, na picha hiyo ndiyo iliyomjulisha kwa umati wa watu.

KIMANI WA KENYA

Ni Richard Brooks huyohuyo aliyemleta Kenya. Mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, sehemu ya picha iitwayo Something of Value ilipigwa nchini, kutokana na kitabu cha Mmarekani Robert Ruark juu ya vita vya Mau Mau. Sidney alicheza Kimani, Mkikuyu aliyekulia pamoja na Peter, mtoto wa Mzungu mwenye shamba, aliyechezwa na Rock Hudson. Wawili hao wamekua kama ndugu, lakini wakiisha kuwa watu wazima, mmoja ni bwana na mwingine ni mchukuzi wa bunduki. Siku moja, wakiwa mawindoni, Kimani anapigwa kofi na shemeji yake Peter. Hawezi kulijibu. Kofi hilo, pamoja na kufungwa kwa baba yake, lamwingiza msituni. Picha ilitoka mwaka 1957. Miongoni mwa wachezaji wake alikuwamo Bwana Frederick O'Neal, yule aliyemtoa Sidney nje miaka 12 kabla.

Uhusiano wake na Kenya haukuishia katika picha. Mwaka 1959 Bwana Tom Mboya alipozunguka Marekani kutafuta nafasi za masomo na nauli za vijana wa Afrika ya Mashariki, Sidney Poitier, Harry Belafonte na mchezaji wa baseball Jackie Robinson walitia sahihi zao katika barua za kuwaomba Wamarekani fedha. Mwezi Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ilifika New York na wanafunzi 81. Aliyefundishwa kusoma katika meza ya mkahawa aliona maana ya kumlipia mtu mwingine njia ya kwenda shule. Alirudi Kenya tena miaka ya 1970 kupigwa picha ya The Wilby Conspiracy, iliyotolewa mwaka 1975, ambayo habari zake ni za Afrika ya Kusini.

ZAWADI YA MWAKA 1964

Katika The Defiant Ones, ya mwaka 1958, Sidney na Tony Curtis walicheza wafungwa wawili, mweusi na mweupe, waliotoroka wakiwa wamefungwa mnyororo mmoja. Kwa sehemu hiyo alipewa zawadi katika maonyesho ya Berlin, na jina lake likawekwa katika orodha ya kugombea Oscar. Hakuna mtu mweusi aliyepata kuwekwa katika orodha ya mchezaji mkuu wa kiume kabla yake. Mwaka 1959 alisimama Broadway katika A Raisin in the Sun, mchezo wa Bibi Lorraine Hansberry juu ya jamaa maskini ya Chicago, na mwaka 1961 akaucheza katika sinema.

Picha iliyompa Oscar ilikuwa ndogo. Lilies of the Field, ya mwaka 1963, yasimulia habari za fundi msafiri anayewajengea watawa wa Kijerumani kanisa jangwani. Fedha zilikuwa haba. Ilipigwa kwa majuma mawili hivi huko Arizona, na Sidney alikubali mshahara mdogo kwa sharti la kupewa fungu la faida. Jina lake lilipotajwa usiku ule wa Aprili 1964, alisema kwa kifupi kwamba safari ya kufika pale ilikuwa ndefu. Mwaka huohuo Bwana O'Neal alichaguliwa kuwa rais wa Actors' Equity, chama cha wachezaji wa michezo ya jukwaani, naye alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho.

Sidney hakukaa kuitazama zawadi yake. Mwezi Agosti 1964, yeye na Belafonte walichukua dola 70,000 taslimu mpaka Greenwood, jimbo la Mississippi, kuwapelekea vijana waliokuwa wakiwaandikisha watu weusi kupiga kura. Kiangazi hicho vijana watatu wa kazi hiyo walikuwa wameuawa katika jimbo hilo. Usiku ule watu wa Ku Klux Klan waliifuata motokaa yao kwa lori na kuigonga kwa nyuma, lakini walifika salama.

KOFI LILILOJIBIWA

Mwaka 1967 picha zake tatu zilitoka, na zote zilijaza majumba. Katika To Sir, with Love alikuwa mwalimu wa watoto watundu wa London. Katika Guess Who's Coming to Dinner alikuwa daktari anayetaka kumwoa binti wa Kizungu. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imefuta sheria za kukataza ndoa za namna hiyo mwezi Juni mwaka huohuo.

Picha ya tatu ilikuwa In the Heat of the Night. Sidney alicheza Virgil Tibbs, mpelelezi wa polisi kutoka kaskazini, aliyekwama katika mji mdogo wa Mississippi. Kwa kuikumbuka Greenwood, alikataa picha isipigwe Mississippi, na sehemu kubwa ikapigwa katika jimbo la Illinois. Ndani yake Tibbs anamhoji tajiri mmoja mwenye shamba la pamba. Tajiri, akiudhika kuulizwa na mtu mweusi, anampiga kofi. Tibbs anamrudishia kofi papo hapo. Katika majumba ya sinema, Weusi walipiga makelele ya furaha na Weupe wengi walishusha pumzi kwa mshangao. Miaka kumi kabla, Kimani alilimeza kofi lake. Mtu yule yule sasa alilijibu. Mwaka 1968 wenye majumba ya sinema wa Marekani walimhesabu kuwa mchezaji wa kwanza kwa kuvuta watu.

LAWAMA

Hata hivyo, hapo juu ndipo upepo ulipovuma zaidi. Mwaka uleule wa 1967 mwandishi mmoja mweusi aliuliza katika gazeti la New York Times kwa nini Wazungu wa Marekani wampenda Sidney Poitier namna hii. Wengi walijiunga naye. Walisema kwamba sehemu zake ni za mtu asiye na kosa, asiye na hasira, asiye na mapenzi ya kweli. Mtu aliyetengenezwa ili kuwatuliza Wazungu. Miji ilikuwa ikiwaka moto, na vijana hawakuona sura yao katika daktari aliyevaa suti safi.

Lawama hizo zilikuwa na ukweli ndani yake, naye mwenyewe hakuzifanya kuwa upuuzi. Lakini kwa miaka mingi alikuwa karibu peke yake. Mchezaji wa Kizungu akicheza mwizi, hakuna anayesema kwamba Wazungu wote ni wezi. Sidney alijua kwamba akicheza mtu duni, mamilioni watasema, tazama, ndivyo walivyo. Aliyabeba mabegani mwake majina ya watu wengi, na mtu aliyebeba mzigo kama huo hawezi kucheza ngoma anavyopenda. Mchezaji mmoja hatoshi kuonyesha watu wote walivyo, wema wao na ubaya wao pamoja. Kosa lilikuwa la mlango ulioruhusu mmoja tu kupita.

Jibu lake lilikuwa kuupanua mlango. Tangu mwaka 1972, alipoongoza Buck and the Preacher, yeye na Belafonte wakiwa wachezaji, alisimama mara nyingi nyuma ya kamera. Uptown Saturday Night ya mwaka 1974 iliwachekesha watu weusi kwa mambo yao wenyewe. Stir Crazy ya mwaka 1980, ikiwa na Gene Wilder na Richard Pryor, ilileta zaidi ya dola milioni 100.

UZEE WENYE HESHIMA

Bahamas ilipata uhuru mwaka 1973, na mwaka 1974 Malkia wa Uingereza alimpa Sidney cheo cha uungwana. Toka 1997 hata 2007 alikuwa balozi wa Bahamas huko Japani. Mwaguzi wa Miami hakuwa amekosea juu ya wafalme. Mwaka 1997 pia alicheza sehemu ya Nelson Mandela katika Mandela and de Klerk, yeye aliyeingia Afrika ya Kusini kama mtumishi wa mkataba.

Mwezi Machi 2002 alipewa Oscar ya pili, ya heshima. Usiku huohuo Denzel Washington alipata ile ya mchezaji bora, mtu mweusi wa pili kuipata katika sehemu kuu, baada ya miaka 38. Mwaka 2009 Rais Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya, alimvika Nishani ya Uhuru ya Rais. Sidney Poitier alifariki dunia tarehe 6 Januari 2022, mwenye umri wa miaka 94, akaacha mkewe Joanna na mabinti zake. Alikuwa amezaa mabinti sita.

Jambo moja lilimsumbua mpaka uzeeni. Alipopata jina alimtafuta yule mzee wa mkahawani ili amshukuru, asimpate. Hakujua hata alikokwenda. Alisimulia habari hiyo akiwa mzee wa miaka mingi, na machozi yakamlengalenga.

Wahenga wamesema, heshima si utumwa. Sidney Poitier alifagia jumba ili afundishwe, wala hakuona aibu, kwa kuwa kufagia hakumpunguzi mtu. Lakini alikataa fedha za kumwonyesha baba asiyemlilia mwanawe. Alizijua tofauti za mambo hayo mawili mapema, kabla ya kujua kusoma gazeti, maana alifundishwa na mkulima wa nyanya. Mengine alifundishwa na mtumishi wa mezani, ambaye hakudai hata asante.